Mabamba ya Dunia na Kemia ya Miamba ya Volkeno: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kwa nini lava zitofautiane kiasi hiki, ilhali zote zinatoka ndani ya dunia moja?

Lava hubeba alama za mambo matatu: ni mwamba gani ulioyeyuka, uliyeyushwa na nini na kwa kiasi gani, na magma (mwamba ulioyeyuka ukiwa bado ardhini) ilipita wapi ikipanda. Mabamba ya dunia, yaani vipande vikubwa vya mwamba wa juu vinavyosogea, hayapiki kemikali yoyote yenyewe. Kazi yake ni kuamua mambo hayo matatu yatakuwaje mahali fulani. Yanapoachana, mwamba wa chini hupanda. Moja linapozama chini ya jingine, maji ya bahari huteremshwa nalo. Ganda linaponenepa, njia ya magma hurefuka na magma hupata muda wa kuchafuka.

Kuna jambo la nne ambalo vitabu vya kuanzia hulipita haraka, nalo ndilo litakalojitokeza tena na tena hapa: chanzo cha magma hakisahau upesi. Mabamba yakibadili mwendo leo, kemia ya lava inaweza kuchukua mamilioni ya miaka kulifuata badiliko hilo. Anayesoma mwamba bila kulikumbuka hilo huishia kuusingizia mwamba historia isiyo yake.

Je, chini ya ganda la dunia kuna bahari ya magma inayongoja kutoka?

Hapana. Mantili, yaani tabaka nene lililo kati ya ganda na kiini cha dunia, ni mwamba mgumu, ingawa kwa kipimo cha mamilioni ya miaka hujongea polepole. Ili uyeyuke, ama upande juu upunguziwe mgandamizo kabla haujapoa, ama uingiwe na maji au kabonidayoksaidi, ama uongezewe joto. Wengi hudhani njia hiyo ya mwisho ndiyo ya kawaida. Kumbe kwa mantili ni mbili za kwanza zinazofanya kazi kubwa. Kuongezewa joto kuna maana zaidi ndani ya ganda, pale basalti ya nyuzi 1,200 za Selsiasi inapokwama chini ya mwamba wa bara unaoyeyuka kwa joto la chini zaidi.

Tena mantili haiyeyuki yote. Mara nyingi ni asilimia chache tu, pengine 10 au zaidi kidogo, huku sehemu kubwa ikibaki kuwa mwamba. Hapo ndipo kemia inapoanza kuwa tamu. Elementi zisizopenda kukaa ndani ya fuwele za mantili, kama potasiamu, rubidiamu, bariamu na thoriamu, hukimbilia kwenye tone la kwanza la magma. Ni sawa na majani ya chai: maji machache ya mwanzo hutoka meusi, na ukizidi kuongeza maji rangi hupauka. Kwa hiyo magma iliyotokana na kuyeyuka kidogo huwa imejaa elementi hizo, na iliyotokana na kuyeyuka sana huwa hafifu, hata kama chanzo ni kilekile.

Maabara hupima nini hasa?

Hupima vitu vya ngazi tatu. Kwanza ni oksaidi kuu, zinazotolewa kwa asilimia ya uzito: silika, alumini, chuma, magnesi, kalisi, sodiamu, potasiamu, titani. Majina ya miamba hutokana na hizi. Basalti ina silika ya asilimia 45 hadi 52, andesaiti 57 hadi 63, na rayolaiti hupanda hadi kupita 70. Jumla ya sodiamu na potasiamu nayo huangaliwa, kwani ndiyo inayotenganisha miamba ya alkali (yenye nyingi) na isiyo ya alkali.

Halafu kuna elementi haba, zinazopimwa kwa sehemu kwa milioni. Niobiamu inaweza kuwa sehemu 2 tu kwa milioni katika mwamba mmoja na 60 katika mwingine, na tofauti hiyo ikasema mengi kuliko oksaidi zote kuu zikiwekwa pamoja.

Ngazi ya tatu ni isotopu, yaani atomi za elementi moja zinazotofautiana uzito. Strontiamu 87 huzaliwa rubidiamu 87 inapooza. Ganda la mabara lina rubidiamu nyingi na ni la kale, hivyo limejikusanyia strontiamu 87 kwa wingi. Magma iliyogusana nalo hupandisha uwiano wa strontiamu 87 kwa 86. Kuyeyuka hakubadili uwiano huo, wala kuganda kwa fuwele, ndiyo maana isotopu huaminika pale vipimo vingine vinapobishaniwa.

Mabamba yakiachana katikati ya bahari, lava hutokaje?

Hutoka kwa wingi na kwa mfanano unaokaribia kuchosha. Matuta ya katikati ya bahari yana urefu wa takriban kilomita 65,000 yakiunganishwa, na karibu kote humo hutoka basalti yenye silika ya asilimia 50 hivi, potasiamu kidogo mno (oksaidi yake mara nyingi haifiki asilimia 0.2) na maji machache. Mantili hupanda kujaza pengo, mgandamizo unapungua, mwamba unayeyuka. Njia ni fupi kwa sababu ganda la bahari lina unene wa kilomita 6 au 7 tu.

Elementi zinazokimbilia kwenye magma ni haba hapa kwa sababu mbili. Mantili ya juu ilikwisha kukamuliwa zamani, ganda la mabara lilipokuwa likijengwa, na tena kiasi kinachoyeyuka ni kikubwa. Wanajiolojia huitumia basalti hii kama kipimo cha kulinganishia nyingine zote, na ndiyo heshima yake kubwa.

Na bamba moja likizama chini ya jingine?

Hapa mchezo hubadilika kabisa. Bamba la bahari huzama likiwa limelowa: kuna maji ndani ya mashapo yaliyo juu yake, ndani ya basalti iliyogeuzwa na maji ya bahari, na ndani ya serpentini (madini ya mantili yaliyoingiwa na maji) iliyo chini zaidi. Likishuka na kupata joto, madini hayo huvunjika na kuyaachia maji. Maji hupanda kwenye mantili iliyo juu na kuishusha kwa mamia ya nyuzi joto la kuyeyukia. Volkeno hujipanga juu ya mahali ambapo bamba limefika kina cha takriban kilomita 100, ndiyo sababu matao ya volkeno huwa mstari uliopinda sambamba na mfereji wa bahari.

Magma ya huko huja na maji ya asilimia 4 hivi kwa wastani, ilhali ya matuta ya bahari haina hata nusu asilimia. Maji hayo huchelewesha feldispa kuganda na kuhimiza madini ya chuma yagande mapema, hivyo magma huelekea kwenye andesaiti na dasaiti (iliyo kati ya andesaiti na rayolaiti). Ikikaribia juu, maji hujitenga kama mvuke na mlima hulipuka. Pinatubo ya Ufilipino, iliyolipuka Juni 1991, ilitoa dasaiti ya aina hiyo.

Kuhusu elementi haba, maji ya bamba hubeba zile zinazoyeyuka ndani yake: bariamu, strontiamu, risasi, potasiamu, siziamu. Niobiamu, tantalamu na titani hazisafiri vizuri na maji, hubaki nyuma. Ukichora grafu ya elementi zote zikilinganishwa na mantili, mstari unateremka ghafla kwenye niobiamu na tantalamu kisha unapanda tena. Bonde hilo dogo kwenye grafu ndilo saini maarufu kuliko zote katika fani hii.

Tunajuaje kwamba mashapo ya bahari kweli hurudi juu kama lava?

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote ni wa beriliamu 10. Isotopu hii hutengenezwa angani, miale ya kutoka anga za mbali inapogonga oksijeni na nitrojeni. Hunyesha na mvua, hukusanyika kwenye matope ya sakafu ya bahari, na nusu yake huoza kila baada ya takriban miaka milioni 1.4. Ndani ya mantili haiwezi kuwepo, maana ingekuwa imekwisha zamani sana.

Miaka ya 1980 watafiti waliipata katika lava mbichi za baadhi ya matao, yakiwemo ya Amerika ya Kati na visiwa vya Aleutian. Katika basalti za matuta ya bahari na za Hawaii haikuonekana. Maana yake ni kwamba matope yaliyokuwa juu ya bamba yalishushwa, yakapita kina cha kilomita 100 hivi, yakaingia kwenye magma na kurudi juu, yote katika miaka isiyozidi milioni chache. Ingechukua zaidi ya milioni 15, isotopu ingekuwa imepungua mno isiweze kupimika.

Hawaii iko katikati ya bamba. Kwa nini kuna volkeno?

Kwa sababu kuna mkondo wa mantili yenye joto kali unaopanda kutoka chini sana, na bamba la Pasifiki linapita juu yake kwa sentimita 7 hadi 10 hivi kwa mwaka. Lava za sehemu kama hizi zina niobiamu nyingi, hazina lile bonde la kwenye grafu, na baadhi hubeba heliamu 3 kwa wingi. Uwiano wa heliamu 3 kwa 4 katika basalti za matuta ya bahari ni mara 8 hivi ya ule wa hewa, lakini Hawaii na Iceland umepimwa ukiwa zaidi ya mara 20. Heliamu 3 nyingi ni salio la wakati dunia inaumbwa, hivyo sehemu ya chanzo hicho haijawahi kukamuliwa kikamilifu.

Hawaii pia inaonyesha kwamba kemia inaweza kubadilika bila bamba kubadili chochote isipokuwa mahali lilipo. Volkeno changa iliyo pembeni mwa mkondo huanza na lava ya alkali, kwani kinachoyeyuka ni kidogo. Ikifika katikati hutoa basalti nyingi isiyo ya alkali, kama Kilauea na Mauna Loa leo. Ikisogezwa mbali hurudi kwenye alkali, kama Mauna Kea. Anayechukua jiwe moja kutoka juu ya Mauna Kea na kusema ndiyo kemia ya mlima mzima amepima ngozi tu, maana mwili wote wa mlima uko chini ya hiyo lava ya uzeeni.

Mabamba yakibadili mwendo, kemia hubadilika papo hapo?

Wakati mwingine haraka sana, wakati mwingine kwa ukaidi. Mifano miwili inatosha kuonyesha pande zote.

Upande wa haraka uko kusini mwa Japani, kwenye tao la Izu, Bonin na Mariana. Takriban miaka milioni 52 iliyopita bamba la Pasifiki lilianza kuzama pale. Mwaka 2014 meli ya utafiti ilichimba sakafu ya bahari upande wa mbele wa tao, na ngazi zote za mwanzo huo zikaonekana. Karibu na mfereji kuna basalti inayofanana mno na ya matuta ya bahari. Bamba lilipoanza kuzama, lililo juu lilivutwa na kupasuka, mantili ikapanda, na maji yalikuwa bado hayajafika kwa wingi. Mbali kidogo na mfereji kuna boniniti, mwamba wa ajabu wenye silika zaidi ya asilimia 52 pamoja na magnesi nyingi, huku oksaidi ya titani ikiwa chini ya asilimia 0.5. Kwa kawaida silika ikipanda magnesi hushuka. Kuzipata zote mbili juu ni dalili kwamba mantili iliyokwisha kukamuliwa ililazimishwa kuyeyuka tena, safari hii kwa maji. Kutoka basalti hadi boniniti hazikupita hata miaka milioni 2, na baada ya miaka milioni 7 au 8 tangu mwanzo tao la kawaida la andesaiti na basalti yenye maji lilikuwa limesimama.

Upande wa ukaidi uko magharibi mwa Marekani. Kwa muda mrefu bamba la Farallon lilikuwa likizama pale. Karibu miaka milioni 30 iliyopita tuta la bahari lilianza kufika kwenye mfereji, kuzama kukaanza kukoma kipande kwa kipande, na mpaka ukageuka kuwa wa kuteleza kando kwa kando, ule tunaouita San Andreas. Bara likaanza kutanuka. Ungetegemea lava za huko zipoteze saini ya kuzama mara moja. Hazikupoteza. Sehemu nyingi ziliendelea kwa mamilioni ya miaka kutoa lava yenye bonde la niobiamu, wakati tayari hakuna bamba linalozama chini yake. Mantili iliyoshikamana na sakafu ya bara ilikuwa imelowa tangu zamani, na ilipotanuliwa na kupashwa joto ikaanza kutoa ilichohifadhi. Baadaye sana, mantili ya chini zaidi ilipopanda, zikaja basalti zinazofanana na za visiwa vya katikati ya bahari. Aliyepima lava za kipindi cha kati, kabla ya hizo, bila kujua umri wake angeapa kwamba kuzama kulikuwa kunaendelea.

Bonde la Ufa la Afrika Mashariki linaingia wapi katika haya?

Linaingia kila mahali, kwa sababu hatua mbalimbali za bara kupasuka zinaonekana humo kwa wakati mmoja. Kaskazini, Ethiopia ilifunikwa na mafuriko ya basalti takriban miaka milioni 30 iliyopita. Leo Afar iko karibu kuwa sakafu ya bahari: Septemba 2005 ukuta wa magma wenye urefu wa kilomita 60 ulijipenyeza ardhini eneo la Dabbahu, na ardhi ikaachana hadi mita 8 hivi. Mbele yake, kwenye Bahari ya Shamu na Ghuba ya Aden, bahari imekwisha kufunguka na basalti zake zinakaribia zile za matuta.

Ukishuka kusini, bamba bado ni nene na linaachana polepole. Mantili haiwezi kupanda sana, hivyo huyeyuka kidogo na kwa kina kirefu, na kabonidayoksaidi husaidia. Matokeo yake ni miamba yenye sodiamu na potasiamu nyingi na silika chache. Lava ya Nyiragongo ina silika isiyozidi asilimia 40 hivi, nyepesi kiasi kwamba mwaka 1977 iliteremka mlimani kwa kasi iliyowazidi watu mbio. Kwenye volkeno nyingine za Bonde, magma ilikaa ndani ya ganda ikagandisha fuwele zake, ikabaki miamba ya alkali kama fonolaiti, trakaiti au rayolaiti ya alkali. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kimejengwa kwa sehemu kubwa na fonolaiti.

Kisha yuko Oldoinyo Lengai, na hapa naomba nikawie. Ndiyo volkeno pekee hai duniani inayojulikana kutoa lava ya kabonati ya sodiamu. Silika yake haifiki hata asilimia 1 katika lava iliyo safi. Hutoka ikiwa na nyuzi 500 hadi 600 tu, karibu nusu ya joto la basalti, hivyo mchana haing'ai: huonekana kama matope meusi yanayotiririka, na usiku wekundu wake ni hafifu. Ikiganda huwa nyeusi yenye kumetameta. Baada ya saa au siku chache unyevunyevu wa hewa huanza kuila. Kwanza huja michirizi myeupe kwenye kingo za nyufa, halafu uso wote hupauka na kuwa unga unaovunjika vidoleni. Anayeokota kipande cha wiki iliyopita na kukipeleka maabara hapimi tena kilichotoka mlimani. Mwaka 2007 na 2008 mlima huohuo ulilipuka kwa nguvu na kutoa majivu yaliyochanganyika na magma yenye silika, kuonyesha kwamba chini ya hiyo kabonati kuna magma ya nefeliniti (ya alkali, yenye silika chache) inayoizaa.

Unene wa ganda una uzito gani?

Mkubwa. Safu ya Andes ni mahali pazuri pa kuliona hilo, kwa sababu bamba linalozama ni lilelile kwa sehemu kubwa ya safu, lakini ganda la juu hutofautiana. Kusini mwa Chile ganda lina unene wa kilomita 40 au pungufu, na uwiano wa strontiamu ni 0.704 hivi. Andes ya kati ganda hufikia kilomita 70, na uwiano hupita 0.705, mara nyingi ukizidi hapo sana.

Kwenye kina hicho madini ya garneti huganda kutoka kwenye magma, au hubaki kwenye mwamba unaoyeyuka. Garneti hushikilia itriamu na iterbiamu kwa nguvu, hivyo magma inayotoka huwa na uwiano mkubwa wa lanthanamu kwa iterbiamu, na wa strontiamu kwa itriamu. Watafiti hutumia uwiano huo kukadiria ganda lilikuwa nene kiasi gani zamani. Ni mbinu nzuri mradi isigeuzwe rula: magma iliyotoka kwenye mantili yenye garneti, kwenye kina kinachozidi kilomita 80 hivi, huacha alama inayokaribiana.

Mabara yakigongana, volkeno huzimika?

Hupungua, hazizimiki zote. India ilipoigonga Asia takriban miaka milioni 50 iliyopita, tao la volkeno la kusini mwa Tibet lilififia. Muda mrefu baadaye, kati ya miaka milioni 25 na 8 hivi iliyopita, zikatoka huko lava chache zenye potasiamu kupita kiasi. Chanzo chake kilikuwa mantili iliyorutubishwa zamani na mashapo, ikapashwa joto upya. Ni ukaidi uleule wa magharibi mwa Marekani katika sura nyingine.

Naweza kutumia grafu za uainishaji kujua mwamba wa kale ulizaliwa wapi?

Unaweza, kwa tahadhari. Grafu hizi zilishika kasi tangu 1973, watafiti Pearce na Cann walipotumia titani, zirkoniamu na itriamu kutenganisha basalti za mazingira mbalimbali. Zilichaguliwa elementi hizo kwa sababu hazihamishwi kirahisi na maji au joto la baadaye.

Mwaka huohuo mwanajiolojia Akiho Miyashiro aliandika kwamba Troodos, kipande cha sakafu ya bahari ya kale kilichopandishwa juu ya nchi kavu huko Saiprasi, hakikuzaliwa kwenye tuta la katikati ya bahari kama wengi walivyoamini, bali kwenye tao. Alipingwa vikali. Leo wengi wanakubali kwamba Troodos ina saini ya kuzama kwa bamba, ikiwemo boniniti, ingawa muundo wake wa nyufa zilizopangana kama karatasi unaonyesha kweli bahari ilikuwa ikifunguka. Yote mawili yalitokea pamoja, jambo ambalo watafiti wa Izu na Mariana sasa hawalishangai.

Kwa hiyo grafu hukueleza jinsi mwamba ulivyoyeyuka na kilichoingia kwenye chanzo chake. Jina la mazingira uliloandikiwa ndani ya kisanduku ni tafsiri ya mtu. Basalti ya bara iliyomeza kidogo granaiti njiani hupata bonde la niobiamu bila kuzama kwa bamba lolote, maana ganda la bara lenyewe lina bonde hilo. Naiona hii kuwa hitilafu inayorudiwa mno kwenye tasnifu za wanafunzi: sampuli tano, grafu moja, na hitimisho la bahari nzima iliyofungwa. Ongeza isotopu, ongeza umri, na angalia miamba ya jirani kabla ya kutaja tao.

Je, miamba hii inaweza kutuambia mabamba yalianza lini kuzama?

Hili bado linabishaniwa kwa moto. Kinachojulikana ni kwamba dunia ya zamani ilikuwa na mantili ya joto zaidi. Ushahidi ni komatiiti, lava yenye oksaidi ya magnesi zaidi ya asilimia 18, iliyotoka ikiwa na nyuzi zinazokaribia 1,600. Jina lake linatokana na mto Komati, kwenye milima ya Barberton, Afrika Kusini, ambako ina umri wa hadi miaka bilioni 3.5 hivi. Komatiiti karibu zote ni za kale, na ile ya kisiwa cha Gorgona, Kolombia, yenye miaka milioni 90 hivi, ni ya pekee. Bonde la niobiamu limeonekana katika miamba ya kale sana, lakini kwa sababu zilizotajwa kwenye swali lililopita, si kila mtu anakubali kwamba linathibitisha kuzama.

Nichague vipi sampuli ya kupeleka maabara?

Chagua mwamba mbichi. Piga jiwe hadi upate sehemu ya ndani isiyo na kutu, isiyo na vitobo vilivyojazwa madini meupe, na isiyo na mishipa ya kwatsi. Olivini (madini ya kijani ya basalti) iliyogeuka nyekundu au kahawia ni onyo. Kwenye jedwali la matokeo, tazama kwanza uzito uliopotea sampuli ilipochomwa: ukizidi asilimia 2 au 3 kwenye basalti, shuku potasiamu, sodiamu, rubidiamu na bariamu zote, kwa sababu maji ya ardhini huziingiza na kuziondoa. Titani, zirkoniamu, niobiamu, thoriamu na itriamu bado unaweza kuziamini. Na usipeleke moja, peleka mfululizo kutoka lava ya chini hadi ya juu, kwani badiliko haliwezi kuonekana kwenye nukta moja.

Kuna volkeno inayobadilika kemia huku tukiiona?

Ipo Etna, Sicily. Ilianza takriban miaka 500,000 iliyopita na basalti isiyo ya alkali, ikahamia kwenye alkali. Tangu miaka ya 1970 lava zake zimeongezeka potasiamu na rubidiamu, na uwiano wa strontiamu 87 umepanda. Jirani yake, upande wa kaskazini, bamba linazama chini ya visiwa vya Aeolian. Wengine wanasema maji ya bamba hilo yanavutwa pembeni hadi chini ya Etna. Wengine wanasema magma inamega ganda inamopita. Wengine wanadhani mantili ya pale ina mabaka, na sasa imefikiwa baka jipya. Majibu yote matatu hupandisha potasiamu, kwa hiyo ubishi umehamia kwenye vipimo vya isotopu na kwenye matone madogo ya magma yaliyonaswa ndani ya fuwele za olivini kabla ya kufika juu.